Ajali Hii Ina Kinga



Mahindi yamekauka. Yamevunjwa na kukusanywa uani. Sasa mnasubiri trekta lenye mashine ya kupukuchua. Likifika, watu wote hutoka. Mmoja anashika debe. Mwingine anashika gunia. Watoto wanakimbilia magunzi. Kazi ya siku nyingi ya kupiga mahindi kwa fimbo inamalizika kwa asubuhi moja. Hakuna anayetaka kurudi kwenye fimbo. Mimi pia sitaki.

Lakini nina neno la kusema juu ya mashine hiyo. Neno langu ni hili: mashine ya kupukuchua isizunguke kijijini mpaka watu wote wanaoizunguka wajue namna ya kuisimamisha. Si dereva peke yake. Wote. Na trekta lisiloweza kusimamisha mashine yake lisipewe kazi, hata kama mvua iko mlangoni.

Najua wengine watanijibu kwa methali. Watasema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo tunaipenda sana. Inatufariji wakati wa msiba. Lakini mara nyingine inatufanya tulale. Kuna ajali ambazo hakuna mtu angeweza kuzizuia. Hii ninayoizungumza leo si mojawapo. Ajali hii ina kinga, na kinga yenyewe imo ndani ya trekta tangu lilipotengenezwa.

Siku niliyoiona kwa macho

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya vijijini. Mwaka mmoja, wakati wa mavuno, nilifika katika kijiji kimoja kukagua darasa. Darasa halikuwepo. Wanakisomo wote walikuwa uani kwa mzee mmoja wakipukuchua mahindi. Nikaenda huko huko.

Trekta lilikuwa linanguruma. Mashine ilikuwa inazunguka. Dereva alikuwa amekwenda kunywa chai. Kati ya trekta na mashine kulikuwa na chuma kirefu kinachozunguka. Chuma hicho hakikuwa na kava.

Mama mmoja aliinama kuokota mahindi yaliyomwagika karibu na chuma hicho. Pindo la khanga yake likaguswa. Kufumba na kufumbua khanga yote ilikuwa imejiviringisha kwenye chuma, na mama yuko chini anavutwa.

Watu walipiga kelele. Kijana mmoja hodari alirukia kiti cha dereva. Akazungusha ufunguo kuzima injini. Injini haikuzimika. Akauzungusha tena. Injini ikaendelea kunguruma. Akakanyaga breki. Chuma kikaendelea kuzunguka.

Mimi nilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo. Nina cheti. Nimewafundisha watu wengi kusoma na kuandika. Siku ile nililitazama trekta kama mtu anayetazama ukurasa asioweza kuusoma. Sikujua niguse nini.

Mama yule alipona kwa sababu moja tu. Khanga yake ilikuwa kuukuu. Ilichanika, ikamwachia. Alichubuka kiunoni na mkono wake ukateguka. Kama angekuwa amevaa kitenge kipya, leo ningekuwa ninaandika habari za msiba.

Dereva aliporudi alisema, "Ajali haina kinga." Kazi ikaendelea kabla ya saa moja kupita. Mwenye trekta sitamtaja, wala kijiji sitakitaja. Haja yangu si kumwaibisha mtu. Haja yangu ni kwamba jambo hili lisirudiwe.

Chuma kile ni nini?

Baada ya siku ile nilikwenda kwa fundi mmoja mzee wa matrekta. Nilimwomba anifundishe kama mwanakisomo. Alinieleza polepole, nami ninakueleza wewe.

Trekta lina kazi zaidi ya moja. Linavuta plau na trela. Lakini pia linaweza kuipa nguvu mashine nyingine. Nyuma ya trekta, chini kidogo, kuna ncha ya chuma inayojitokeza. Unene wake ni milimita 35 hivi, na ina mifereji. Injini ndiyo inayoizungusha ncha hiyo. Madereva huiita piitio. Chuma kirefu kinachotoka kwenye piitio kwenda kwenye mashine huitwa propela. Piitio inazungusha propela, propela inazungusha mashine, na mashine inapukuchua mahindi.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Trekta liliendesha mashine kwa mkanda mrefu, kama mikanda unayoiona kwenye mashine ya kusaga. Trekta lilipaswa kusimama mbali, na mkanda uliweza kuchomoka. Mwaka 1918 kampuni ya International Harvester ya Marekani ilianza kuuza trekta lenye chuma cha kuzungusha nyuma yake. Wakulima walilipenda jambo hilo. Kwa njia hiyo trekta liliweza kutembea na mashine yake shambani, likivuna huku likienda. Baadaye watengenezaji walikubaliana juu ya mwendo mmoja, ili mashine ya kiwanda hiki iweze kufungwa kwenye trekta la kiwanda kile. Walichagua mizunguko 540 kwa dakika. Mwendo huo ndio unaotumika mpaka leo kwa mashine nyingi za kupukuchua.

Tufanye hesabu ya khanga

Mizunguko 540 kwa dakika ni mingi kiasi gani? Tuchukue kalamu tufanye hesabu.

Dakika moja ina sekunde 60. Gawanya 540 kwa 60. Jibu ni 9. Basi propela inazunguka mara 9 kwa kila sekunde.

Sasa chukua kamba uizungushie propela ambayo imesimama na injini imezimwa. Propela nyingi zina unene wa sentimita 7 hivi. Mzunguko wake ni karibu sentimita 22. Zidisha 22 kwa 9. Jibu ni 198. Hizo ni karibu mita 2.

Maana yake ni nini? Propela ikishika nguo, inaweza kuviringisha mita 2 za nguo kwa sekunde moja. Urefu wa khanga ni mita moja na nusu hivi. Basi khanga nzima inamezwa kabla sekunde moja haijaisha. Kabla hujasema "Mama wee!", imekwisha.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba wewe ni mwepesi, utaruka. Hakuna aliye mwepesi kuliko hesabu hiyo. Na nguvu ya injini ni nguvu ya farasi wengi. Propela haijui kwamba imeshika mtu.

Njia tatu za kusimamisha

Fundi yule alinionyesha trekta aina ya Massey Ferguson 135. Huenda unalijua, maana liko katika vijiji vingi. Lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 mpaka mwaka 1975. Hata lile la mwisho kutengenezwa huko ni kubwa kwangu kwa umri. Ningepaswa kuliamkia.

Trekta hilo lina njia tatu za kusimamisha piitio. Zote tatu nilikuwa nimezitazama siku ile bila kuziona.

Njia ya kwanza ni klachi. Klachi ni kitu kinachounganisha injini na gia. Fikiria viganja viwili vilivyobanana. Kimoja kikizunguka, na kingine kinazunguka. Ukiviachanisha, cha pili kinasimama. Dereva huviachanisha kwa kukanyaga pedali ya mguu wa kushoto.

Katika matrekta mengi ya 135, klachi hiyo ina hatua mbili. Ukikanyaga pedali mpaka katikati, trekta linasimama kwenda, lakini piitio inaendelea kuzunguka. Ukikanyaga mpaka mwisho kabisa, piitio nayo inaachwa. Hili lilifanywa kwa makusudi. Mkulima anayevuna huku akienda anaweza kusimama kidogo ili mashine ijisafishe kwa kumaliza majani yaliyojaa ndani, kisha akaendelea. Ni akili nzuri. Lakini asiyejua hukanyaga nusu, akadhani amesimamisha kila kitu.

Kumbuka pia kwamba pedali inafanya kazi wakati mguu uko juu yake tu. Mguu ukiteleza, propela inaanza tena. Kwa hiyo pedali ni msaada wa kitambo. Si ulinzi wa mtu anayeingiza mkono kwenye mashine.

Njia ya pili ni mkono wa piitio. Huu ni mkono mdogo wa chuma ulio upande wa kushoto, chini, karibu na mguu wa dereva. Una nafasi tatu. Nafasi ya katikati ni ya kuacha. Ukiwa hapo, piitio imekatwa kutoka kwenye injini. Nafasi moja ya pembeni inazungusha piitio kwa mwendo wa injini. Nafasi nyingine inaizungusha kwa mwendo wa magurudumu. Dereva hukanyaga klachi mpaka mwisho, husubiri, kisha husogeza mkono huo mpaka katikati. Hapo hata akiondoa mguu, piitio haizunguki.

Njia ya tatu ni kuzima injini. Hapa ndipo kijana wetu alipokwama, na mimi pia ningekwama. Injini ya dizeli ya zamani haizimwi kwa ufunguo. Ufunguo ni wa umeme wa kuwashia tu. Injini ikishawaka, haihitaji umeme ili iendelee. Inahitaji mafuta tu. Ili izimike ni lazima mafuta yakatwe. Katika trekta hilo kuna kitufe cha kuvuta karibu na usukani. Kitufe hicho kimefungwa waya unaokwenda kwenye pampu ya mafuta. Unakivuta na kukishikilia mpaka injini inyamaze.

Kitufe hicho ni kidogo tu. Siku ile tulikuwa watu zaidi ya ishirini, na hakuna aliyekijua.

Matrekta ya zamani zaidi

Si kila trekta kuukuu limejengwa hivyo. Ferguson la kijivu la TE20 lilitengenezwa kati ya mwaka 1946 na mwaka 1956. Lina klachi ya hatua moja. Ukikanyaga pedali, unaachanisha injini na vyote viwili, magurudumu na piitio. Watu wanaweza kudhani hiyo ni salama zaidi. Kumbe ina hatari yake.

Katika trekta la namna hiyo, piitio na magurudumu vinaunganika ndani ya giaboksi. Ukifunga mashine ya kukata majani yenye panga zito, panga likishapata mwendo halisimami mara moja. Unakanyaga klachi, injini imeachwa, lakini panga linaendelea kuzunguka. Linasukuma propela, propela inasukuma gia, na gia inasukuma magurudumu. Trekta linakwenda mbele wakati dereva amelikanyagia klachi. Limewahi kusukuma watu mitaroni na kwenye nyua.

Dawa yake ni kiungo kinachofungwa kati ya piitio na propela. Kinafanya kazi kama friwili ya baiskeli. Unajua kwamba ukiacha kukanyaga pedali za baiskeli, gurudumu la nyuma linaendelea bila kuzungusha miguu yako. Kiungo hicho ni hivyo hivyo. Injini inaweza kuzungusha mashine, lakini mashine haiwezi kusukuma trekta.

Ninayasema haya ili ujue jambo moja. Usifikiri kwamba ukijua trekta moja umeyajua yote. Kila trekta jipya likiingia kijijini, liulizwe upya: "Wewe unasimamishwa vipi?"

Vitu vinne nilivyoviona vibovu

Tangu siku ile, kila ninapokwenda vijijini ninayatazama matrekta. Nimeona mambo manne yanayojirudia.

La kwanza, kava la propela halipo. Wengine wanasema linapiga kelele. Wengine wanasema linazuia kutia grisi. Wanalivua na kulitupa nyuma ya banda.

La pili, waya wa kuzimia umekatika. Dereva anazima injini kwa kufungua boneti na kusukuma chuma kwa kidole. Yeye anajua. Je, akiwa hayupo?

La tatu, mkono wa piitio umelegea, unaruka wenyewe kutoka kwenye nafasi yake. Basi dereva anaufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu. Mashine haikatiki kazi, ni kweli. Lakini siku ya hatari nani atafungua fundo la mpira?

La nne, klachi imekwisha. Pedali inafika chini, lakini vile viganja viwili havijaachana vizuri. Piitio inaendelea kuzunguka polepole. Polepole hiyo inatosha kuvunja kidole.

Liko na jambo la tano, ambalo ni imani mbaya. Propela nyingi zina boliti dhaifu inayokatika mzigo ukizidi. Watu wanaiona kama mlinzi wao. Sivyo. Boliti hiyo inalinda mashine. Inakatika mashine ikikwama kwa jiwe au chuma. Mwili wa mtu ni laini kuliko jiwe. Boliti haitakatika kwa ajili yako.

Hoja za wanaopinga

Nimezungumza na wenye matrekta. Nimezungumza na madereva. Nimezungumza na wazee wa vijiji. Hoja zao si za kijinga. Inafaa tuzijibu kwa heshima.

Wa kwanza anasema, "Matengenezo ni ghali." Kuhusu klachi amesema kweli. Ili kubadilisha klachi ya trekta kama hilo, fundi hulitenganisha vipande viwili katikati. Ni kazi ya siku kadhaa, na vipuri vina bei. Wakati wa mavuno, siku hizo ni hasara kubwa. Kwa hiyo mimi ninakubali: klachi inaweza kusubiri mwisho wa msimu, mradi injini izimwe kila mara kabla mtu hajasogelea mashine. Lakini waya wa kuzimia ni kitu kidogo. Kava ni kitu kidogo. Waya hauwezi kusubiri. Kava haliwezi kusubiri.

Wa pili anasema, "Dereva wangu ni stadi." Huenda ni stadi kweli. Lakini tazama nani yuko karibu na propela. Dereva yuko kwenye kiti, au yuko kwenye chai. Aliye karibu ni yule anayemimina mahindi, anayeshika gunia, anayefagia punje. Mara nyingi ni mama, ni kijana, ni mtoto. Ustadi wa dereva hauwezi kuvaliwa na mtu mwingine kama koti.

Wa tatu anasema, "Kosa ni la khanga. Wanawake wasikaribie." Ni kweli kwamba nguo inayoning'inia ni hatari, na kila mtu aikaze nguo yake. Lakini propela inashika pia kanzu, mkono wa shati, koti la mvua na kamba ya kiatu. Na mahindi yale mama huyo ameyalima. Hatuwezi kumwita palizini halafu tukamfukuza kwenye gunia. Mwenye kuvaa kava awe kwanza propela.

Wa nne anasema, "Kuzima na kuwasha kunapoteza muda." Pima mwenyewe kwa saa. Kuvuta kitufe, kusubiri mashine isimame, kutoa gunzi lililokwama na kuwasha tena ni kazi ya dakika chache. Mtu akipoteza mkono, ataupoteza kwa misimu yote iliyobaki.

Wa tano anasema, "Tukiwa wakali, mwenye trekta atakwenda kijiji cha pili." Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote. Matrekta ni machache na mahindi ni mengi. Kijiji kimoja peke yake kitaumia. Kwa hiyo jambo hili lisiwe la kijiji kimoja. Wazee wa vijiji jirani wazungumze na wakubaliane kabla ya mavuno. Mwenye trekta akikuta masharti yale yale kila aendako, atanunua waya. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Darasa lilivyosaidia

Nitakueleza jambo tulilofanya katika kijiji kile.

Juu ya trekta kulikuwa na vibao vidogo vya maelezo. Vilikuwa vya Kiingereza, na vingi vilikuwa vimefutika kwa jua na mafuta. Nikawauliza wanakisomo, "Ninyi sasa mnajua kuandika. Je, trekta hili haliwezi kusema Kiswahili?"

Mwenye trekta alikubali. Tulipata kopo la rangi nyekundu na brashi. Kwenye mkono wa piitio tulitaka kuandika maneno mawili, UNGA na KATA. Mzee mmoja akacheka akasema, "Mwalimu, watu watadhani hapo ndipo pa kuweka unga." Kweli tupu. Tukabadilisha. Tukaandika ZUNGUSHA na KATA. Kwenye mashine, upande wa propela, tuliandika HATARI.

Kwenye kitufe cha injini tuliandika VUTA ZIMA. Neno ZIMA liliandikwa na mama yule yule aliyeshikwa khanga. Herufi ya kwanza aliigeuza nyuma mbele. Akaifuta kwa mafuta ya taa, akaiandika upya.

Kisha kila mtu alipanda kwenye kiti, mmoja mmoja. Injini ikiwa inanguruma, mashine haina kitu na watu wamekaa mbali, kila mmoja alivuta kitufe mpaka injini ikanyamaza. Bibi mmoja mwenye wajukuu wengi aliivuta, akasikia kimya, akasema, "Kumbe ni rahisi hivi." Ndiyo, bibi. Ni rahisi hivyo. Tatizo lilikuwa kwamba hatukuambiwa.

Mimi nilijifunza kitu siku hiyo. Kusoma si kwa ajili ya barua na kitabu peke yake. Neno lililoandikwa mahali pake linaweza kumwokoa mtu wakati ambapo hakuna nafasi ya kuuliza.

Masharti ninayopendekeza

Mkutano wa kijiji ukae kabla ya mavuno. Ukubaliane masharti haya sita, na mwenye trekta aambiwe mapema.

1. Propela iwe na kava zima. Kama hakuna kava, hakuna kazi.

2. Kitufe cha kuzimia kivutwe mbele ya watu kabla ya gunia la kwanza. Injini isipozimika, kazi isianze.

3. Mkono wa piitio usifungwe kwa mpira wala kamba. Urudishwe katikati, na watu waone kwamba propela imesimama.

4. Dereva asiondoke mashine ikizunguka. Akitaka chai, azime kwanza.

5. Watu wawili zaidi ya dereva wachaguliwe. Mmoja akae karibu na kitufe wakati wote. Mwingine awazuie watoto.

6. Mtu yeyote akipiga kelele ya "Zima!", injini izimwe mara moja. Maswali baadaye. Hata kama alikosea, asichekwe.

Na wewe msomaji, uwe na sharti lako mwenyewe. Usiruke propela inayozunguka, hata kama njia ya kuzunguka ni ndefu. Usisimame kati ya trekta na mashine. Injini ikizimwa, usiingize mkono papo hapo. Ngoma ya mashine ni nzito na huendelea kuzunguka kwa muda. Subiri isimame kabisa. Usitie mkono wako kabla mkono wa piitio haujarudi katikati.

Neno la mwisho

Sina ugomvi na matrekta ya zamani. Yamelima mashamba ya baba zetu na bado yanatulimia. Waliyoyatengeneza waliweka ndani yake njia za kuyasimamisha. Sisi ndio tuliozivua, tulizozifunga mpira na tulizoziacha zikatike. Basi sisi ndio wa kuzirudisha.

Mtu akikuambia tena uani kwamba ajali haina kinga, usimbishie kwa maneno mengi. Mwonyeshe kava. Mwonyeshe kitufe. Mwambie akivute.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Je, katika kijiji chetu nani anajua kuzima trekta linalokuja kupukuchua? Tuwahesabu.

2. Kwa nini ufunguo haukuzima injini katika habari hii?

3. Khanga ya mita moja na nusu inaviringishwa kwa muda gani? Tufanye hesabu ubaoni.

4. Mwandishi amesema klachi inaweza kusubiri mwisho wa msimu. Je, unakubaliana naye? Toa sababu zako.

5. Tukitaka kuzungumza na vijiji jirani juu ya masharti haya, tuanze na nani?